Paka amekufa, daktari anadai: nilipe?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Makorora, hapa hapa Tanga. Asubuhi nauza chai na vitumbua, mume wangu ni fundi wa magari. Jambo langu wengi watalicheka, ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe badala ya kulitoa barazani.

Tulikuwa na paka dume, jina lake Mabaka. Mwanangu mkubwa alimwokota nyuma ya soko la Mgandini akiwa kachanga, akamlea kwa maziwa ya kijiko mpaka akanenepa, akawa mpole, anashinda ndani na kutoka jioni tu. Chakula chake kilikuwa dagaa wakavu, na siku ya neema vichwa vya samaki.

Alhamisi moja nilimwona anaingia na kutoka kwenye beseni lake la mchanga. Anachuchumaa, anajikamua, hakitoki kitu. Na analia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikadhani choo kimefunga. Jirani akanishauri niende duka la dawa za mifugo, kwamba wale wanajua. Nikamchukua nikaenda. Muuzaji hakumgusa hata tumbo. Alisikiliza maneno yangu, akasema ni tumbo limefunga, akamchoma sindano ya OTC, ile ya ng'ombe, na akanipa mafuta ya kumnywesha. Nikalipa nikarudi.

Usiku ule Mabaka hakulala. Alijilamba huko chini mpaka pakawa pekundu. Alfajiri akaanza kutapika, kisha akatulia chini ya kitanda, amejikunja, ukimsogelea tumbo ananguruma. Dereva wa bajaji ndiye aliyeniambia kuna kliniki ya daktari wa wanyama. Tulipokuwa tunamtia kwenye kikapu alimng'ata mwanangu kidole, damu kidogo tu, nikamfunga kitambaa tukaondoka.

Daktari alimshika tumbo mara moja akasema mkojo umeziba. Akaeleza kwamba atampa nusu kaputi, amwekee mpira wa mkojo, amtundikie dripu, na itabidi alazwe. Gharama yote shilingi 180,000, na bila kianzio haanzi kazi. Shangazi, hapo ndipo roho yangu ilipoumia. Mnyama anakata roho juu ya meza, mtu anataja hela! Nikapiga simu huku na huku, dada yangu akanitumia, nikatoa 80,000. Zilizobaki 100,000 tukakubaliana nitalipa siku ya kumchukua.

Kazi aliifanya, siwezi kusema uongo. Mchana akanipigia kuwa mkojo umetoka, una damu damu, na paka amezinduka. Jioni nilikwenda na mwanangu, Mabaka akatuinulia kichwa. Tukarudi nyumbani tunacheka.

Asubuhi yake, vitumbua viko jikoni, simu ikaita. Mabaka amekufa usiku. Nikauliza saa ngapi, daktari hakuwa na jibu. Kumbe kliniki inafungwa jioni, yeye anakwenda kwake, mnyama anabaki peke yake na mlinzi wa nje. Hakuna aliyeniambia hivyo. Akamalizia kwa kusema, "Mama, ulichelewa kumleta." Siku hizi ananitumia ujumbe kuhusu ile 100,000.

Mume wangu amesema paka amekufa, deni limekufa naye, hatulipi. Wifi yangu amenisema mbele za watu kuwa kutumia fedha namna ile kwa ajili ya paka ni israfu, na mama yao anakunywa dawa za presha. (Dawa za mama mkwe hazijawahi kukosekana, na zangu zilikuwa fedha za vitumbua na za dada yangu.) Mwanangu ana miaka 11. Amenuna, hali vizuri, na juzi aliniuliza, "Mama, angekuwepo mtu usiku ule, Mabaka angekufa?" Nikakosa la kumwambia.

Nilipe lile deni? Na ni kweli mimi ndiye niliyemuua kwa kuchelewa? Kuna jirani ambaye paka wake amezaa, amebakiza watoto wawili, dume na jike, na ametuambia tuchague mmoja. Mume wangu hataki kusikia habari za paka tena.

Mama wa Makorora

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Umelea kiumbe kwa mkono wako, kimekufa pasipokuwa na mtu wako karibu. Huo ni msiba wa nyumba, na mwenye kuucheka na acheke.

Deni litasubiri kidogo. Kuna jambo umelipitia kwa sentensi moja nalo ndilo lililonishtua kuliko yote: kidole cha mwanao. Leo hii, ukimaliza kusoma hapa, mpeleke hospitali ya Bombo au kituo cha afya kilicho karibu. Barua yako haisemi popote kwamba Mabaka alichanjwa kichaa cha mbwa. Ugonjwa ule tumeuita kwa jina la mbwa lakini paka naye huupata, na hupita kwenye mate anapong'ata. Kwa kawaida mnyama aliyeng'ata mtu huwekwa chini ya uangalizi siku 10. Akiwa hai na mzima baada ya hapo, wasiwasi huondoka. Mabaka alikufa usiku uliofuata, kwa hiyo nafasi hiyo hamna tena. Naamini kilichomuua ni mkojo, kama daktari alivyosema, lakini imani yangu si kinga ya mtoto. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona karibu hakuwezekani. Chanjo inayotolewa baada ya kung'atwa, kabla dalili hazijaanza, inaokoa. Hata kama siku zimepita, usiseme nimeshachelewa, nenda. Mweleze daktari wa binadamu mambo matatu bila kuficha: paka alikuwa anatoka nje jioni, kama alichanjwa au la, na alikufa usiku uliofuata baada ya kung'ata. Ataamua yeye.

Na jino la paka ni jembamba, linaingia ndani kabisa na kuacha tundu dogo juu. Damu inakuwa "kidogo tu" huku wadudu wamepandwa chini, karibu na kiungo cha kidole. Kikiwa kimevimba, kina joto au kinauma akikikunja, kiseme pia. Na mtoto aking'atwa tena na mnyama yeyote, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kabla ya kufikiria kitambaa.

Sasa tuje kwa Mabaka.

Nimezungumza na daktari wa wanyama ninayemwamini, asiyehusika na kliniki yako, nikamsomea barua bila kutaja ulipotoka. Kabla sijafika kwenye sindano alishajua. Paka dume ana njia ya mkojo ndefu na nyembamba sana kuelekea mwisho. Mkojo ukiwa mzito, hufanya chembe kama mchanga, zikachanganyika na ute, zikaziba pale penye wembamba. Kibofu kinajaa na hakina pa kumwagia. Figo nazo zinashindwa kutoa taka, potasiamu inapanda kwenye damu, na potasiamu ikizidi, moyo ndio unaopata tabu. Yale matapishi ya alfajiri yalikuwa dalili kwamba sumu imeshatembea mwilini. Paka aliyeziba kabisa anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3, na hiyo ni hesabu ya kuanzia pale alipoziba. Anayeanza kuhesabu siku alipomwona anatapika ameshapoteza sehemu kubwa ya muda.

Ulichelewa? Mabaka alichelewa kufika mezani kwa daktari, hilo ni kweli, na ningekudanganya nikisema saa zile hazikuwa na uzito. Lakini kukuambia wewe ndiye uliyemuua ni jambo jingine, na silikubali. Paka anayechuchumaa na kujikamua bila kutoa kitu, kila mtu anadhani ni choo. Wewe uliona dalili siku ile ile, ukatoka nyumbani siku ile ile, ukaenda ulipoelekezwa na ukalipa. Aliyepaswa kumshika tumbo ni yule aliyepokea fedha. Kibofu kilichojaa namna ile kinashikika kwa vidole, kigumu, cha mviringo. Daktari wako alikitambua mara moja. OTC ni dawa ya kupambana na bakteria. Haizibui njia, na mafuta uliyopewa yalikwenda kwenye tumbo ambalo halikuwa na shida. Usiku mzima ulipotea dukani pale.

Nina hasira na jambo hili, na nitalisema. Maduka ya dawa za mifugo yana faida yake; bila hayo mfugaji wa Pongwe au Muheza angepata wapi dawa ya minyoo na ya kupe? Lakini kuuza dawa ni kazi moja, kutibu ni kazi nyingine. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 iliunda Baraza la Veterinari Tanzania ili kazi ya kutibu wanyama ifanywe na watu waliosajiliwa. Daktari wa wanyama anasomeshwa miaka 5 kule SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Mtu anayeuliza maneno mawili na kuchoma sindano bila kumgusa mgonjwa anacheza na mali za watu, na kwa nyumba kama yako, na moyo wa mtoto.

Tuje kwa daktari. Hapa naomba unisikilize mpaka mwisho, kwa sababu sina upande mmoja.

Kuhusu kianzio, ninaelewa kilivyokuuma. Lakini mtazame na yeye. Dawa ya usingizi, mpira, dripu, vyote amevinunua kwa fedha yake. Mnyama hana bima. Na wapo watu, tunawajua, wanaomwacha mnyama mezani na simu wanazima. Alikutajia kazi atakayofanya na bei yake kabla hajaanza, akakubali sehemu na kukuaminia iliyobaki. Wengi hawafanyi hivyo. Namna ya kusema ingeweza kuwa laini zaidi, hilo ndilo ninalomlaumu, kwa kuwa mtu aliyebeba mgonjwa kikapuni haambiwi fedha kwanza kama mnunuzi wa saruji.

Kosa lake kubwa ni la usiku. Paka akishazibuliwa, hatari haijaisha. Figo zilizobanwa huanza kutoa mkojo mwingi kupita kiasi, mwili unapoteza maji na chumvi, kwa hiyo dripu haitakiwi kukatika. Mpira wenyewe unaweza kuziba au paka akauchomoa. Moyo bado haujatulia. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji jicho la mtu. Kama daktari hana wa kukesha, basi wajibu wake ulikuwa kukuambia jioni ile: "Mama, hapa usiku hakuna mtu. Unaweza kumwacha, unaweza kumchukua nikuonyeshe cha kuangalia, au tutafute njia nyingine." Ungechagua mwenyewe. Kukunyima kuchagua, kisha asubuhi kukutupia neno la kuchelewa, si haki.

Kwa nini daktari huyo yuko peke yake, hilo nalo tulijue. Mtoto akizidiwa saa 8 usiku, Tanga nzima inajua njia ya Bombo. Paka hana Bombo yake. Huduma za wanyama katika mkoa huu zimekua zikifuata ng'ombe: ng'ombe wa maziwa, kupe, mbung'o ambao wamefanyiwa utafiti hapa Tanga kwa miaka mingi. Afisa mifugo wa kata anaijua ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, akiwa amefumba macho, lakini paka aliyeziba mkojo pengine hajaletewa hata mmoja. Daktari anayepokea paka na mbwa mara nyingi ndiye huyo huyo anayefunga duka, anayefua vifaa na anayeamka alfajiri kwenda kumzalisha ng'ombe wa mtu. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300, usingefika na Mabaka akiwa hai. Nayasema haya ili ujue unazungumza na mtu mmoja aliyechoka. Kukueleza ukweli kungemgharimu dakika moja, na uchovu hauwezi kuwa sababu ya kutoitoa.

Basi, ulipe?

Ulipe, mwanangu. Ile 100,000 haikuwa bei ya uhai wa Mabaka. Ilikuwa bei ya kazi mliyokubaliana, na kwa maneno yako mwenyewe kazi aliifanya. Mume wako atalielewa hili kuliko mtu yeyote ukimwuliza kwa lugha ya gereji. Gari limeletwa injini imeshaungua, amefungua, amebadilisha vifaa, likawaka, kesho yake likazima moja kwa moja. Atasamehe ufundi wake kwa sababu gari limekufa? Hatasamehe, na hatakosea. Lakini mwulize na la pili: kama gari la mteja lililala gereji bila mlinzi, mteja hakuambiwa, na usiku likaharibika, je, mteja hana haki ya kuuliza? Anayo. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na wewe umekwama kwa sababu kila mtu nyumbani anakutaka uchague moja.

Kwa hiyo usitumie deni kama fimbo ya kumpigia daktari. Ukikataa kulipa, yeye atakuwa mtu aliyedhulumiwa, na swali lako la usiku litapotea ndani ya ugomvi wa fedha. Nenda kliniki, usijibu kwa ujumbe wa simu. Nenda saa ambayo hana wagonjwa wengi, ukiwa na sehemu ya fedha mkononi, na useme hivi: "Daktari, nimekuja kuanza kumaliza deni langu. Na mimi nina ninachokudai, nacho ni maelezo. Nani alimwangalia paka wangu mara ya mwisho, saa ngapi, na dripu ilikuwa inaendelea? Kwa nini sikuambiwa kwamba usiku hakuna mtu?" Kisha nyamaza. Mwache azungumze.

Omba ankara yenye mchanganuo. Kama ndani yake kuna fedha ya kulazwa na uangalizi wa usiku, hiyo mwambie waziwazi haikubaliki, kwa kuwa uangalizi haukuwepo, aipunguze. Nusu kaputi, mpira, dripu, dawa, hivyo ni vyake. Kinachobaki mpangilie kwa awamu kulingana na vitumbua vyako, na kila unapotoa upewe risiti.

Akikujibu kwa utu, akakubali kwamba alipaswa kukuambia, mimi ningeishia hapo. Akikufokea au akikataa kueleza, una haki ya kuandika malalamiko kwa Baraza la Veterinari, na haki hiyo haipungui kwa sababu umelipa. Andika tarehe, ulichoambiwa, ulichotoa. Na kama utaandika, usimwandike daktari ukamsahau wa dukani. Huyo wa pili ndiye atakayemchoma OTC paka mwingine kesho.

Wifi yako sitamtumia kurasa nyingi. Ameleta dini, basi na tumjibu kwa dini: anajua kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka, alimfungia asimlishe wala asimwachie akajitafutie. Na anamjua Abu Huraira, sahaba aliyeitwa kwa jina la kipaka chake. Aliyemfuga mnyama ana dhamana naye, na sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inasema mnyama asiachwe kuteseka. Israfu ni kumwaga mali pasipo na haja, na haja ilikuwepo, inalia juu ya meza. Kama dawa za mama mkwe hazikupungua hata kidonge, hukumdhulumu mtu. Mwambie hivyo mara moja, kwa adabu, faraghani na si mbele za watu kama alivyofanya yeye, kisha usirudie.

Kwa mtoto, usimpambie. Miaka 11 anaelewa. Mwambie: "Pengine angepona, pengine asingepona. Alikuwa ameumwa sana alipofika. Lakini daktari alimtoa yale maumivu, na ulimwona ameinua kichwa. Mtu alipaswa kuwepo usiku, na mimi nimekwenda kumwuliza daktari kwa nini hakuwepo." Sehemu hiyo ya mwisho iwe kweli, na ikiwezekana nenda naye. Wapo watoto wanaonuna kwa sababu wanadhani wakubwa wamelimeza jambo. Na asije akadhani kile kidole ni adhabu. Mweleze kwamba paka mwenye maumivu hung'ata hata anayempenda. Siku nyingine mnyama anayeumwa afungwe kwa khanga nzito mpaka shingoni, ndipo atiwe kikapuni, na afanye hivyo mtu mzima.

Kwa wasomaji wengine wenye wanyama, kwa kuwa najua mnasoma: dharura haitafutiwi namba ya simu saa ya dharura. Mtembeleeni daktari wa wanyama mnyama akiwa mzima, kwa chanjo, mjuane. Mwulizeni anapokea simu usiku au la, akilaza mnyama nani anabaki naye, anataka kianzio kiasi gani. Tazameni kama cheti chake cha usajili kiko ukutani. Kama kwenu hakuna daktari, chukueni angalau namba ya afisa mifugo wa kata, atawaelekeza. Wekeni kibubu cha mnyama, hata mia tano mia tano. Na kama fedha haipo kabisa, mwambieni daktari ukweli mwanzoni, kwa kuwa kuna wakati chaguo la huruma ni kumwua mnyama kwa dawa, bila maumivu, asiteseke, na si dhambi kuuliza.

Halafu kuna dawa za kabatini. Paka hapewi Panadol. Hata nusu, hata robo. Mwili wake hauwezi kuivunja parasetamoli kama wetu, damu inaharibika ikashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya udongo au bluu, uso unavimba. Kidonge kimoja cha watu wazima kinatosha kumuua. Nashukuru hakuna jirani aliyekushauri hilo usiku ule, maana ndilo shauri la kwanza la mitaa mingi.

Nimebakiza watoto wa paka wa jirani yako. Usimlete mmoja kwa siri. Mumeo hajasema hapendi paka. Mtu aliyeishi na Mabaka miaka yote hiyo bila neno amesema hataki kuona tena yaliyotokea, na fedha imemwuma pamoja na nyinyi. Maliza kwanza habari ya deni, mweleze daktari alivyojibu, kisha mwache mtoto amwombe baba yake mwenyewe. Akikubali, yule kipaka akae kwa mama yake mpaka atimize miezi 2. Akifika miezi 3 achanjwe kichaa cha mbwa, na baada ya hapo mfuate tarehe za kurudia atakazoandikiwa. Dagaa wasiwe wakavu kila siku: wachemshe, umpe na maji yake, bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, kwa sababu vitunguu ni sumu kwa paka. Bakuli za maji ziwe zaidi ya moja, mbali na beseni la mchanga.

Na kwa kuwa jirani amekupa nafasi ya kuchagua, mchukueni jike. Njia yake ya mkojo ni fupi na pana, kuziba namna ile kwake ni nadra sana.